Mama Mkwe Aliyenifundisha Kuchora Kupitia Ukutani

Kitale,
Jumapili mchana

Mama,

Nimekaa kwenye kibaraza cha jikoni, daftari la shule juu ya goti, na jua limefika miguuni. Ulipokuwa hai hatukuandikiana barua hata moja. Tulitumiana michoro, na ilitutosha. Lakini zimekusanyika habari ambazo siwezi kuzichora, kwa hivyo vumilia mwandiko wangu.

Nianze na Mzee, maana najua ungemuulizia yeye kwanza. Baba Nekesa yuko salama. Miezi ya kwanza alikuwa anakaa tu mlangoni akiangalia barabara, chai inapoa mkononi, nasi tukaogopa. Siku hizi ameanza tena kwenda soko la Chwele. Hanunui kitu, anasalimia watu tu na kurudi. Amejifunza kupika ugali. Nekesa anasema ugali huo unaweza kujengea ukuta, lakini anaumaliza wote na hataki kusaidiwa. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike. Paa la jikoni lako tumelirekebisha pale palipokuwa panavuja.

Mimi nakukumbuka kwa vipande. Nakumbuka siku Nekesa aliponileta kwenu mara ya kwanza. Mimi Kamau, mwalimu wa hesabu na uchoraji wa kiufundi, mtoto wa wakulima waliotoka Nyeri wakapata shamba huku Trans-Nzoia, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Niliingia kwa mlango wa mbele, wewe ukatoka kwa mlango wa nyuma. Niliona tu pindo la leso likipotea kando ya nyumba. Nekesa alikuwa amenieleza mapema: kwenu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Ni heshima, akasema, si chuki. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini hakimbiwi. Kwa kichwa nilielewa. Kwa moyo, bana, nilikaa kwenye sofa lenu nikila kuku aliyepikwa vizuri ajabu na kujiambia, mama huyu hanitaki.

Miaka ikaenda hivyo. Tukaoana. Wanjiru akazaliwa, akapewa jina la mama yangu, akajua kukuita kukhu, yaani bibi, kabla hajajua kuniita baba. Kwangu mimi ulikuwa sauti nyuma ya ukuta wa jikoni. "Mwarimu amefika?" "Mwarimu ameongezwa mchuzi?" Kwa watu wa kwenu L na R hubadilishana viti, nami nikawa mwarimu. Mpaka leo mtu akiniita mwalimu naona kama kuna kitu kimepungua. Tukikutana njiani, ulijitosa ndani ya mahindi ya jirani ukasubiri nipite. Siku moja niliona vidole vyako vya miguu chini ya mabua, nikasema, "Habari ya asubuhi, Mama," na mahindi yakajibu, "Nzuri, mwarimu."

Halafu kukaja mambo ya vitabu. Ule wakati masomo ya msingi yalipofanywa bure na watoto wakajaa madarasani, watu wa vitabu walianza kutafuta wachoraji. Mhariri mmoja alipita shuleni kwetu, akaona michoro ya nyumba niliyobandika ukutani, akaniachia hadithi ya watoto kuhusu soko. Akasema nimchoree kurasa za majaribio. Nilichora likizo nzima. Kwa rula, kwa bikari, kwa penseli ngumu niliyoichonga ikawa kama sindano. Nikamtumia. Alinipigia simu, mtu mwenye adabu zake, akasema, "Mwalimu, majengo yako ni mazuri sana. Lakini watu wako wamesimama kama wanaimba wimbo wa taifa."

Akaniambia nijaribu tena, asingeweza kungoja kupita mwisho wa mwaka.

Mama, ilinichoma. Kuchora ndicho kitu nilichodhani ninakijua. Nilichora upya, wakasimama vilevile. Muuza nyanya alisimama wima kama askari, na mnunuzi naye wima, na mbuzi pia, Mama, hata mbuzi. Nikaangalia vitabu vya wengine nikaiga, picha zikatoka baridi. Nikawa sizungumzi nyumbani. Wanjiru akianguka na kulia, nilikuwa nasikia kama analia nyumba ya pili. Nekesa alikuwa akija Chwele siku za soko kuchukua ndizi na vitunguu vya kuuza Kitale, na siku moja akakuambia, kama binti anavyomweleza mama yake mambo ya nyumbani, kwamba mwalimu amekuwa mkali kama pilipili na karatasi zilizopasuliwa zimejaa chini ya meza.

Jioni ile alirudi na ndizi na ujumbe. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akaiga sauti yako: "Mwambie mwarimu aweke rula chini ya godoro, ailalie. Halafu atafute kuku. Amchore akiwa anakula, na macho yasitoke kwa kuku. Karatasi asiiangalie hata kidogo. Akiiangalia, aanze upya."

"Ati kuku?" nikamuuliza.

"Si mimi. Ni Mama."

Nilijua ulifundisha nasari ya kanisa miaka mingi kabla magoti hayajakugomea. Lakini sikujua ulivyofundisha. Nekesa ndiye aliyenieleza kwamba karatasi hazikuwepo, mlikuwa mnachora kwenye vumbi la uwanja kwa vijiti, na kwamba kila asubuhi ulianza na mchezo wa kuchora ndipo mkaingia kwenye a, e, i, o, u. Yeye mwenyewe alipita mikononi mwako hapo. "Hakuwa anatufundisha kuchora," akasema. "Alikuwa anatufundisha kutulia na kuangalia kitu."

Kesho yake asubuhi nilitoka nyuma ya nyumba nikaona haya peke yangu. Nikamtazama kuku wetu mweusi. Mkono ukaanza kutembea bila mimi. Nilihisi kama mtu anayeshuka mteremko gizani. Nilipomaliza na kuangalia karatasi, Mama, lilikuwa rundo la kuni zilizoanguka, na jicho moja liko nje ya kuku kabisa, limejisimamia. Nilitaka kuikunja. Wanjiru akachungulia chini ya mkono wangu, akasema, "Huyu anadonoa."

Hakusema ni kuku. Alisema anadonoa. Katika picha zangu zote za soko hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anafanya kitu.

Nilikutumia kuku huyo. Nawe ukanitumia wako, aliyechorwa kwa mkaa nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani. Mstari mmoja tu, kutoka mdomoni hadi mkiani, na vichwa viwili, maana kuku aliinua kichwa katikati ya kazi na wewe hukujali kufuta. Nilikiangalia sana kile kichwa cha pili. Nilikuwa nimeishi na kifutio mfukoni tangu shule ya upili.

Basi michezo ikaanza kuja pamoja na ndizi. Kuna ule wa kutoinua kalamu: nianze kwenye sufuria, nipite kwenye jiko, kuni, kiti, mguu wa Nekesa, nirudi kwenye sufuria bila kukatiza. Nekesa alikaa akanifanyia subira, akacheka nilipofika kwenye goti lake nikapotea njia. Kuna ule wa mkono wa kushoto. Kuna ule wa kumchora ng'ombe na kuacha palepale anaposogea, hata kama umepata pembe tu. Nina pembe nyingi, Mama. Nina ng'ombe mmoja mwenye mkia na kwato basi.

Niliopenda kuliko yote ni ule wa bua la mahindi. Ulisema nifunge kipande cha mkaa kwenye ncha ya bua refu, niweke karatasi chini, nisimame nichore kwa mbali. "Akishika mkaa karibu," ulimwambia Nekesa, "vidole vinajifanya vinajua. Aushike mbali, mkono wote ufanye kazi, mpaka bega." Nilifanya hivyo uani, na jirani yetu akasimama kwenye ua akanitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi unapiga ramli?" Nikamwambia namchora. Akajiangalia kwenye karatasi, mistari imetikisika kama moshi, akasema polepole, "Lakini hilo ni tumbo langu kweli."

Halafu ukaleta ule wa nafasi. "Asichore majani ya mgomba. Achore mbingu iliyo katikati ya majani." Huo ulinishinda kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nikichora majani tu, kwa mazoea. Mpaka siku moja nikiwa kwenye stendi Kitale nikingoja Nekesa nikaona, bila kutafuta, kile kipande cha mwanga kilichokuwa kati ya mkono wa mama mmoja na kiuno chake, alipokuwa ameshika kikapu kichwani. Kipande chenye umbo kama la jani la mhogo. Nikaona kwamba akihamisha uzito, kipande kinabadilika. Nikaona nyonga imetoka upande huu na bega limeshuka upande ule. Tangu siku hiyo nilikuwa hatari barabarani. Nilikuwa natazama mianya ya watu. Bodaboda mmoja alinipigia kengele na matusi kwa pamoja.

Lakini ile siku ya Chwele, Mama. Ile uliniwekea mtego mwenyewe bila kujua.

Mchezo ulikuwa hivi: niende sokoni, nichague mtu mmoja, nimtazame mpaka nishibe, halafu nigeuke, nitembee hadi kwa wauza mbuzi, na huko ndiko nichore. Nilikuja na Nekesa siku ya soko. Nilimwacha akibishana bei ya ndizi, nikazunguka. Upande wa vitunguu niliona mgongo. Mama fulani ameinama anachagua maharagwe, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, na kiganja cha kulia kimelala juu ya gunia kama kimelala kichwani mwa mtoto. Nikasema, huyu. Nikamtazama nikashiba. Ghafla Nekesa akatokea kando yake akamgusa bega, naye akageuka kidogo, akaniona, akajifunika leso yote na kuzama nyuma ya magunia. Akina mama wa vitunguu walicheka, mmoja akapiga makofi. "Mkwe! Mkwe amekuja!"

Nilikimbia hadi kwa mbuzi nikachora haraka kabla aibu haijafuta kila kitu.

Mchoro ulitoka. Nilijua umetoka kwa sababu niliogopa kuukunja. Lakini sasa ningefanyaje? Nimemchora mama mkwe. Nekesa alisema tusiamue wenyewe, tukampelekea Mzee kwanza. Aliushika mbali na macho yake, akaugeuza, akaurudisha. Hatimaye akasema, "Wazee walikataza uso. Sikumbuki mtu aliyetaja mgongo." Akaingia nao jikoni mwenyewe kukupelekea. Nikiwa sebuleni nilisikia sauti yako kupitia ukutani: "Kwani mgongo wangu ni mpana hivi?" Halafu ukasema, taratibu, "Mguu wa kushoto ameupata. Ule mwingine ndio unaniuma."

Safari iliyofuata, Nekesa alipofungua ndizi nyumbani, ndani ya majani makavu kulikuwa na karatasi imekunjwa. Nikaifungua. Alikuwa mwanamume amelala kwenye sofa, mdomo wazi, tai imelegezwa, kichwa kimeangukia upande. Mstari mmoja ulioanzia kwenye nywele ukaishia kwenye soksi yenye tundu. Lilikuwa sofa lenu, Krismasi, baada ya chakula. Ulinichora kupitia mwanya wa mlango wa jikoni. Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nimeishi na bega hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulijua. Mama yangu mwenyewe hajawahi kulisema.

Nilikaa chini. Nekesa akaniangalia akauliza, "Kwani ulidhani anachungulia nini huko jikoni?"

Mtu asiyekutaka hajui bega lako. Miaka yote ile niliyodhani naepukwa, kumbe nilikuwa natazamwa kwa utulivu kuliko nilivyowahi kutazamwa na mtu yeyote.

Baada ya hapo kazi ya kitabu haikuwa ngumu. Nisiseme haikuwa ngumu, nilichora kila ukurasa mara nyingi, lakini sikuwa tena nimeufunga mkono kamba. Muuza nyanya akainama. Mnunuzi akajikuna. Mbuzi akavuta kamba kuelekea kabichi za mtu. Nilimpelekea mhariri kabla mwaka haujaisha. Akapiga simu akauliza, "Nani amekuchorea?" Nikamwambia ni mimi, lakini nina mwalimu. Akasema, "Mshukuru. Sasa wanatembea." Nilipokutumia habari hizo ulijibu kwa mchoro wa kuku, na safari hii alikuwa na vichwa vitatu.

Kisha ukaugua.

Hapa nitaandika kidogo tu. Ulilazwa Bungoma, ukarudi nyumbani, ukalazwa tena, ukasema inatosha, unataka kitanda chako. Mimi nilikuwa nakaa sebuleni na wageni nikikusikia ukikohoa, siwezi kuingia. Nekesa akatoka jikoni siku moja, macho mekundu lakini anatabasamu, akaniambia umeomba ule mwiko uondolewe. Kumbe kuna njia. Mzee akaniambia nilete kondoo na blanketi. Nilileta. Wazee wa ukoo wakaja, wakasema maneno machache ambayo nusu yake sikuyaelewa, blanketi likabebwa ndani. Halafu ukatoka. Kwa mlango wa mbele, umeshikwa na Nekesa, na blanketi langu mabegani.

Ukaninyooshea mkono. Ulikuwa mwepesi na wa moto. Wazee walidhani sasa tutaomba au tutalia. Wewe ukasema, "Nekesa, leta karatasi."

Tuliwekewa viti viwili uwanjani, pale jua la asubuhi linapofikia, magoti yanakaribia kugusana. Ulikumbusha sheria kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari: "Macho yasitoke usoni. Anayeangalia karatasi ameshindwa." Na tukaanza.

Sijawahi kumtazama mtu namna ile. Mume hamtazami mke hivyo, hapati muda. Kope yako ya kulia ilikuwa chini kidogo kuliko ya kushoto, kama mtu anayekaribia kukonyeza. Kovu dogo juu ya mdomo. Nikafika kwenye kidevu, nikakuta ni cha Nekesa. Nikapanda kwenye sikio, nikakuta ni la Wanjiru, lile lile lenye kikunjo juu. Nilikuwa nimeishi na vipande vya uso huu nyumbani kwangu bila kujua vilikotoka. Nawe ulikuwa unanitazama, hupepesi, mkaa unakwaruza, na nilihisi mahali macho yako yalipopita, kwenye paji la uso, kwenye pua, kama mtu anayepanguswa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mzee mmoja wa ukoo alianza kusema kitu, Baba Nekesa akamgusa mkono akanyamaza.

Tulipogeuza karatasi, macho yako mawili katika mchoro wangu yalikuwa upande mmoja na mdomo umeshuka mpaka kwenye ukosi. Pua yangu katika wako ilikuwa imetoka nje ya karatasi ikaendelea kwenye blanketi. Ulicheka mpaka ukakohoa, na Nekesa akaleta maji, na ulipopata pumzi ukasema, "Mwarimu, kumbe una uso mzuri."

Nikasema, "Na wewe, Mama."

Basi. Hayo ndiyo tuliyoambiana.

Baada ya siku hiyo niliingia chumbani kwako kama mtoto wako mwingine yeyote. Nilikuletea uji. Tulicheza mchezo wa mfuko, wewe unaficha kitu ndani ya mfuko wa kaki, mimi nakipapasa na kukichora bila kukiona. Ulinifichia mswaki, ukanifichia kiazi kitamu, siku moja ukanifichia meno ya bandia ya Mzee, na nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Ulikaa nasi mpaka mahindi yalipobeba. Uliondoka asubuhi, Nekesa akikusuka nywele.

Siku ya mazishi walikuja wengi kutoka Misikhu na Webuye, na watu wazima waliosema wewe ndiye uliyewashika mkono siku ya kwanza ya shule. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilifikiri nitakuchora mara ya mwisho. Nilisimama pale, nikatazama. Hapana. Ulikuwa umefumba macho, Mama, na mchezo wetu unahitaji watu wawili. Nilirudisha kalamu nikashika jembe pamoja na shemeji zangu.

Sasa nikupe habari mpya, maana sikukusudia kukuhuzunisha, na mimi mwenyewe siku hizi nina amani.

Kitabu kimetoka. Ni chembamba, rangi zake zimefifia kidogo kuliko nilivyotaka, lakini kinasomwa madarasani hadi huko kwenu. Ule mgongo wako uko ukurasa wa soko, upande wa vitunguu. Mzee anatembea na nakala ndani ya koti. Anawaonyesha watu sokoni, anauliza, "Mnamjua huyu?" na akina mama wa vitunguu wanajibu kwa pamoja, kila mara, kama hawajawahi kuulizwa.

Shuleni nimeanzisha michezo siku za Ijumaa. Nilipowatoa vijana uwanjani na mabua na mkaa, mwalimu mkuu alituma mtu kuuliza kama tunalima. Alikuja kuona mwenyewe, akapewa bua, akachora mlingoti wa bendera, na hakurudi ofisini mpaka kengele ikalia. Vijana wangu bado wanachora majengo kwa rula, mtihani unataka hivyo. Lakini sasa kwenye milango ya majengo yao kuna watu wanaingia, mmoja amebeba mtungi, mwingine anafunga kamba ya kiatu.

Nekesa amepata kibanda chake sokoni. Anakuota mara kwa mara. Anasema katika ndoto zake huwa unamwambia apunguze chumvi.

Na habari kubwa. Tumepata mtoto wa kike. Alizaliwa wakati wa mvua kubwa, hapa Kitale, analia kwa sauti ya mtu mwenye mashtaka. Kwetu msichana wa pili huitwa kwa jina la mama wa mke. Kwenu mtoto huweza kupewa jina la aliyetangulia. Wazee wa pande zote mbili walikaa kujadiliana, wakiwa wamejiandaa kwa siku nzima, na kikao kikaisha kabla chai haijapoa. Mzee alilalamika tu kwamba jina lako, Nasimiyu, ni la aliyezaliwa kiangazi na huyu amekuja na matope, lakini alisema hayo huku amembeba na hataki kumwachia mtu. Shangazi ya Nekesa akanitania mbele ya watu wote: "Sasa Kamau, mama mkwe amezaliwa nyumbani kwako. Utakimbilia wapi?" Nikamwambia sikimbii. Nikampokea mtoto, nikamwita Mama, kama kwetu baba anavyomwita binti aliyebeba jina la mama, na nikamshika mbele yao.

Mwalimu wa nasari yenu ya kanisa ameniomba nije likizo ya Agosti nikae na watoto asubuhi. Nimekubali. Nakuahidi nitakuja Agosti hii, na likizo nyingine, maadamu miguu inanibeba, na hawataingia kwenye a, e, i, o, u kabla hawajacheza. Nakuahidi pia Nekesa hatachoka peke yake, na Mzee hatakula ule ugali peke yake. Ameshakubali kuja kukaa nasi mvua zikipungua, akasema ni kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yetu.

Pumzika, Mama. Umefanya kazi.

Nasimiyu ameamka, namsikia. Nekesa ananiita nimshike mtoto, yeye apate kuoga. Naenda.

Mwanao,
Kamau